Kujitolea Ugenini na Kupata Marafiki: Kwihara Inatufundisha Nini?



Kila mwaka mafrateri wanaokaribia kumaliza falsafa huwa na swali moja midomoni: nitapangiwa wapi mwaka wa kichungaji? Kwa wenzetu walio katika mashirika ya kimisionari swali hilo ni zito zaidi, maana jibu lake linaweza kuwa nchi nyingine kabisa. Wakati huohuo, vijana wa vyuo kutoka Ulaya na Marekani wanakuja kwetu kujitolea kwa miezi mitatu, sita au mwaka mzima. Wengine wanafundisha, wengine wanahudumia wagonjwa, wengine wanakaa na watoto yatima. Wanaokwenda na wanaokuja huambiwa maneno yaleyale: utakua, na utapata marafiki.

Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayatimii yenyewe. Wapo wanaokaa ugenini mwaka mzima wakarudi na picha nyingi, na rafiki hawana hata mmoja. Wapo wanaokaa miezi michache wakarudi na ndugu wa maisha. Tofauti inatoka wapi? Katika makala hii tunashika jambo moja: urafiki wa ugenini huanza pale mgeni anapokubali kuwa mhitaji mbele ya wenyeji wake. Anayekwenda kutoa tu hupata watu wa kusaidia. Anayekubali pia kupokea hupata marafiki, na hapo ndipo anapokua. Ili tusizungumze hewani, tutaanzia Kwihara, mahali padogo penye historia kubwa.

1. Kwihara na shule ya wapagazi

Kwihara iko kilomita chache kutoka mjini Tabora, katika nchi ya zamani ya Unyanyembe. Wageni huenda huko kuona tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, ambayo imejengwa upya na kuwa makumbusho ya David Livingstone. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Unyanyembe, kisha ikagawanyika: tawi moja lilikwenda magharibi hadi Ujiji, jingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Njia hiyo ilipitisha nguo, shanga na pembe za ndovu. Ilipitisha pia watumwa, na hilo hatuna ruhusa ya kulisahau tunapoitaja.

Lakini njia hiyohiyo ilipitisha maelfu ya vijana wa Kinyamwezi waliobeba mizigo kwa ujira wao wenyewe. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani takriban kilo 32, na safari ilikuwa ya wiki nyingi. Richard Burton, aliyepita Unyanyembe mwaka 1857, aliandika kwamba kijana ambaye hajawahi kwenda pwani alidharauliwa na wenzake. Kwa hiyo wazo kwamba kijana hukua kwa kwenda ugenini halikuletwa na Wazungu. Wazee wetu wa Tabora walilijua zamani.

Je, kijana huyo aliishije njiani, mbali na ukoo wake? Akiugua Ugogo, nani alimpa maji? Akifia Uzaramo, nani alimzika? Hapo tunakutana na utani. Wanyamwezi ni watani wa makabila kadhaa yaliyo kando ya njia ile, wakiwemo Wagogo na Wazaramo. Utani mwingine ulizaliwa na vita vilivyokwisha, mwingine na safari. Leo tunaujua zaidi kama mzaha wa harusini na msibani, lakini ndani ya mzaha ule kulikuwa na agano. Mtani aliweza kuchukua chakula cha mtani wake bila kuitwa mwizi. Mtani aliweza kumwambia mwenzake ukweli ambao ndugu asingethubutu kuusema. Na msibani mtani alikuwa na kazi zake ambazo hazikwepeki.

Tuangalie vizuri agano hilo lina nini ndani yake. Kila upande unajua kwamba siku moja utakuwa mhitaji. Leo mimi niko kwenye boma lako nina njaa, kesho wewe utapita kwangu. Hakuna mfadhili wa kudumu wala mfadhiliwa wa kudumu, na ndiyo maana watani wanaweza kucheka pamoja.

2. Mgeni aliyekaa akisubiri

Tarehe 18 Februari 1872 Livingstone na Henry Morton Stanley walifika Kwihara wakitokea Ujiji. Livingstone alikuwa mgonjwa na mchovu. Mali yake iliyotumwa Ujiji ilikuwa imeuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuitunza, na kama si Stanley kumfikia na chakula, nguo na dawa, angebaki bila kitu. Tarehe 14 Machi Stanley aliondoka kwenda pwani, akiahidi kumtumia watu na vifaa. Livingstone alibaki Kwihara akisubiri. Watu hao, 57 kwa hesabu, walifika tarehe 14 Agosti, na tarehe 25 Agosti wakaanza naye safari yake ya mwisho.

Miezi mitano! Huyu alikuwa daktari, mtafiti na mtu maarufu duniani, lakini hapo Kwihara hakuwa na la kufanya ila kuandika, kusali na kuwategemea watu wengine. Kwa wengi wetu miezi kama hiyo ni hasara tupu. Mwanafunzi anayejitolea akifika kituoni akakuta mradi umesimama, vifaa havijafika na mkuu wa shule amesafiri, hukata tamaa wiki ya kwanza. Anajiuliza alikuja kufanya nini. Lakini kusubiri kwa watu wengine ni sehemu ya kuishi nao. Wenyeji wa mahali pengi wanasubiri mvua, wanasubiri dawa, wanasubiri gari. Asiyeweza kusubiri pamoja nao hajaingia bado katika maisha yao.

Kuna jambo jingine la kusema juu ya Livingstone, nalo ni gumu. Katika safari zake za mwisho alikula na kulala mara nyingi kwa wafanyabiashara ambao baadhi yao walikuwa katika biashara ya watumwa aliyoichukia. Mwezi Julai 1871, huko Nyangwe katika Kongo, aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wakifyatua risasi sokoni na kuua mamia, wengi wao wanawake. Aliandika aliyoyaona. Taarifa zake ziliongeza shinikizo la Uingereza kwa Sultani Barghash, na mwezi Juni 1873 mkataba ulitiwa sahihi, soko la watumwa la Unguja likafungwa. Alishukuru kwa chakula alichopewa, na hakunyamaza. Kupokea mkate wa mtu hakutufungi mdomo mbele ya dhuluma. Urafiki unaodai tunyamaze juu ya mateso ya wengine umekwisha kuharibika.

3. Vijana waliokataa kumwacha

Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Susi na Chuma, waliokuwa wamesafiri naye tangu 1866, pamoja na wenzao waliamua kuurudisha mwili wake kwao. Mmoja wa kundi hilo alikuwa Jacob Wainwright, kijana aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa katika shule ya misioni huko Nashik, India. Alikuwa miongoni mwa wale waliofika Kwihara Agosti 1872. Yeye ndiye aliyesoma sala walipouzika moyo wa Livingstone chini ya mti.

Mwezi Oktoba 1873 walifika tena Unyanyembe na mwili. Walimkuta hapo afisa Mwingereza, Verney Lovett Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Aliwashauri wamzike hapohapo. Wakakataa, wakaendelea hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874, wakiwa wametembea zaidi ya kilomita 1,500. Livingstone alizikwa London tarehe 18 Aprili 1874. Wainwright alikuwepo. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamekwisha.

Tusiifanye habari hii kuwa tamu kuliko ilivyo. Watu hawa waliajiriwa, na kati yao na bwana wao hapakuwa na usawa. Jina la mmoja limeandikwa kwenye makumbusho na mitaa, majina ya wapagazi wengi hayakumbukwi. Hata hivyo, hakuna mshahara unaomlazimisha mtu kubeba maiti kwa miezi tisa, wakati mkubwa mwenye mamlaka anamwambia aiache. Hapo palikuwa na kitu kilichozidi ajira. Sisi tunaosoma habari hii tunabaki na maswali mawili: je, mgeni alistahili uaminifu ule? Na je, ulimwengu uliwalipa uaminifu huo kwa haki? Anayejitolea ugenini anapaswa kutembea na maswali yote mawili.

4. Mwanafalsafa anasema nini?

Katika mafundisho yake ya maadili, Aristotle anataja aina tatu za urafiki. Kuna urafiki wa manufaa, kuna urafiki wa raha, na kuna urafiki wa wema, ambapo mmoja anamtakia mwenzake mema kwa ajili ya huyo mwenzake. Aina zote tatu zinaonekana katika kujitolea. Kuna anayetafuta cheti na barua ya mapendekezo. Kuna anayetafuta furaha ya safari, chakula kipya na ngoma. Hayo si dhambi, ila yakiisha, urafiki nao unaisha. Aina ya tatu, anasema Aristotle, inahitaji muda na mazoea, na anakumbusha methali ya kwao kwamba watu hawajuani mpaka wamekula chumvi pamoja. Sisi pia tuna yetu: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Zote mbili zinasema kitu kimoja: urafiki hutengenezwa mezani na shambani, polepole.

Aristotle anaongeza jambo linalotuhusu sana. Tofauti kati ya watu wawili ikiwa kubwa mno, urafiki unakuwa mgumu, na kati ya mungu na mtu aliona hauwezekani. Hapa kuna swali la kweli. Mwanafunzi mwenye bima ya afya, tiketi ya kurudi na pasi ya kusafiria inayofungua milango yote, anaweza kuwa rafiki wa kijana wa Kwihara ambaye mvua ikikosekana mahindi yake yanakauka?

Mtakatifu Thoma wa Akwino alijua swali hilo, akajibu kwa imani. Anafundisha kwamba mapendo ya Kimungu yenyewe ni urafiki kati ya Mungu na mwanadamu, akitegemea Yn 15:15, ambapo Kristu anawaita wanafunzi wake marafiki. Umbali umevukwa, na aliyeuvuka ni yule aliye juu, kwa kushuka. Tazameni alivyofanya. Kwa mwanamke Msamaria alianza kwa kuomba maji (Yn 4:7). Kwa Zakayo alijialika kulala (Lk 19:5). Alipowatuma wafuasi wake aliwakataza kubeba mfuko, akawaagiza wale watakachopewa (Lk 10:4-8). Mwenye vyote aliingia nyumbani mwa watu kwa mlango wa mhitaji.

5. Wamisionari waliopita Tabora

Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, tunaowajua kama Mapadre Weupe, uliondoka Bagamoyo kwenda bara. Padre Pascal, mmoja wa viongozi wake, alifariki njiani. Walipofika Tabora waligawanyika: wengine wakaenda Ziwa Tanganyika, wengine Nyanza na Buganda, ambako Padre Lourdel na Bruda Amans walifika Februari 1879. Kutoka mbegu hiyo walitokea Mashahidi wa Uganda.

Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliwapa masharti ambayo bado yana nguvu: waishi watatu au zaidi, wajifunze lugha ya watu, wale chakula chao na wavae kama wao. Ukiyatazama, yote yanamfanya mmisionari kuwa mwanafunzi wa wenyeji. Hadi leo vijana wa shirika hilo, baada ya falsafa na mwaka wa kiroho, hukaa miaka miwili ya mazoezi ya kichungaji, kwa kawaida nje ya nchi zao, kabla ya kuanza teolojia.

Mfano mzuri ni Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari hao kule Algeria. Alisomea udaktari Malta, akiwa na wanafunzi wengine Waafrika, kisha akajitoa kwenda nchi asiyoijua. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Hapo alitibu na kufundisha dini, akaoa, na mtoto wake mmoja akawa padre. Alifariki mwaka 1956 akiwa bado Karema. Alikuja mgeni, akazikwa mwenyeji.

6. Ni nini hasa kinachokua?

Mwongozo wa malezi ya kipadre uliotolewa na Vatikano mwaka 2016 unataja nyanja nne za malezi: utu, roho, akili na uchungaji. Ugeni unazigusa zote.

Kwanza, lugha inatunyenyekeza. Mwenye shahada ya falsafa anayesema Kinyamwezi cha mtoto wa miaka mitatu anachekwa na watoto wa miaka mitano, na wao ndio wanaomfundisha. Akili inajifunza kwamba kutojua si aibu.

Pili, tunajifunza kupokea. Tabora ni nchi ya asali na karanga. Mama asiye na kitu kingi akikupa asali yake au kuku wake, usimhesabie umaskini wake. Ukikataa kwa kumhurumia, umemwambia kwamba yeye hawezi kuwa rafiki yako, anaweza kuwa mhitaji wako tu.

Tatu, sala inabadilika. Nyumbani tunasali tukizungukwa na kengele na wenzetu. Ugenini, jioni, peke yako, unagundua kama sala ilikuwa yako au ya kengele.

Nne, tunajua watu kwa majina. Aliyekaa mahali hasemi tena "maskini wa kule". Anasema jina la mtu, na habari za mifugo yake.

7. Hatari za kuangalia

Hatari ya kwanza ni kujiona mwokozi. Swali rahisi la kujipima ni hili: kazi ninayoifanya, yupo mwenyeji anayeweza kuifanya? Kama yupo, nimekuja kufanya naye au kumwondolea kibarua?

Hatari ya pili ni watoto. Mtoto wa kituo cha yatima anayemzoea mgeni mpya kila baada ya miezi mitatu anaachwa mara nyingi mno. Afadhali tuwasaidie walezi wanaobaki, kuliko kujifanya wazazi wa muda. Na picha ya mtoto wa watu isichukuliwe wala kusambazwa bila ruhusa.

Hatari ya tatu ni fedha. Waswahili wanasema mkono mtupu haulambwi, na wapo wanaomkaribia mgeni kwa ajili ya mfuko wake. Tusiwahukumu haraka, njaa ina sauti. Lakini misaada ya siri huvunja urafiki, na huleta wivu kijijini. Msaada wa fedha upitie parokia au viongozi, kwa uwazi. Na ahadi tusizoweza kuzitimiza tusizitoe, hasa ile ya "nitakusomesha". Mgeni husahau, aliyeahidiwa hasahau.

Hatari ya nne ni kuondoka kimya. Aage, ashukuru nyumba kwa nyumba, na baada ya kurudi aendelee kuuliza hali. Ujumbe wa simu siku ya msiba una thamani kuliko zawadi ya siku ya kuondoka.

8. Kabla ya kufunga begi

Kwa wenzetu watakaotumwa, na kwa vijana walei wanaofikiria kujitolea, tunapendekeza mambo machache. Anza lugha miezi kadhaa kabla. Kaa muda mrefu kadiri inavyowezekana, maana chumvi hailiki kwa wiki mbili. Mashirika ya kitawa katika nchi za Kijerumani yana mpango kwa vijana walei uitwao Missionar auf Zeit, ambao msingi wake ni kuishi pamoja, kusali pamoja na kufanya kazi pamoja na wenyeji. Utaratibu huo ni mzuri kwa kila anayekwenda, hata bila mpango wowote. Wiki ya kwanza omba msaada mara tatu kabla ya kutoa msaada mara moja. Tafuta mtu mzima mmoja wa mahali hapo wa kukukosoa, na umshukuru anapokukosoa.

Hitimisho

Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo inampa mgeni heshima kubwa, lakini haisemi kwamba mgeni anakuja na dawa mfukoni. Mwenyeji anapona kwa sababu nyumba imefunguliwa na chungu kimewekwa jikoni, na mgeni anapona vilevile. Padre wa kesho ambaye hajawahi kuwa mgeni mhitaji atakuwa mtoa huduma mzuri, lakini waamini watamwogopa au watamtumia, na marafiki hatakuwa nao. Tuombe, basi, kwamba popote tutakapopangiwa, tupelekwe kwenye nyumba ya mtu atakayetupa jembe siku ya tatu, na tulipokee.